Kisu Kilichokosa cha Kuchinja Asubuhi ya Noeli

Siku moja naikumbuka, mwanangu Furaha, kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu asinisikie. Ilikuwa asubuhi ya Noeli. Najua utacheka: wewe Mzee Asumani, mtu wa msikiti tangu kuzaliwa, Noeli inakuhusu nini? Inanihusu sana. Ngoja nikae vizuri, goti langu hili halinipi amani, na wewe weka hiyo simu chini. Jana ulikuja kuniomba pusupusu ya mjukuu wangu, ule mkokoteni wa kusukuma, ubebee vitu vyako vya sikukuu, nikakwambia urudi leo. Pusupusu nitakupa, sikunyimi. Umeolewa mwaka huu, umepewa nyumba ya babu yako uitunze, na hii ndiyo Noeli ya kwanza utakayoipika kwa mikono yako. Lakini kabla hujaisukuma mpaka sokoni, utanisikiliza. Na usiniangalie hivyo, sitamaliza upesi.

Unauona ule ua wa matete kati ya nyumba yako na yangu? Zamani haukuwepo. Palikuwa na njia tu, imekanyagwa mpaka inang'aa. Upande huu aliishi baba yangu, Mzee Ramazani, na upande ule babu yako, Baba Toma, mfanyakazi wa reli. Kinu kilikuwa kimoja, na ukikitafuta ulisikiliza tu mchi unatwangia wapi. Watoto walikula walipokutwa na njaa. Mimi mwenyewe nilipigwa na bibi yako Mama Toma mara nyingi kuliko nilivyopigwa na mama yangu, na kila mara nilistahili.

Na sikukuu ilikuwa na desturi yake. Mkristo wa hapa Kindu mwenye jirani Mwislamu hakuchinja mwenyewe siku ya Noeli. Alimwita jirani yake achinje, ili chungu kiwe cha wote, asiwepo mtu wa kutazama sahani kwa macho tu. Wako wenye elimu kubwa wanaolieleza jambo hili kwa namna nyingine, nami sibishani nao. Sisi tulilelewa hivyo: nyama ambayo hatukuchinja, hatuli. Kwa hiyo kila Noeli baba yangu alivaa kanzu na kofia kama mtu anayekwenda Ijumaa, akachukua kisu alichokinoa tangu jana yake, kimefungwa katika kitambaa cheupe, akapita ile njia. Akifika mlangoni alikohoa. Watoto wa nyumba ile walisema Noeli haijafika mpaka Mzee Ramazani akohoe. Na siku yetu ya Idi, sahani ya kwanza ya wali na nyama ilikwenda kwa Baba Toma kabla baba mwenyewe hajaonja.

Ndipo ikaja vita. Sitakueleza yote, mwanangu. Yako mambo nimeyaacha kule nyuma na sitaki kurudi kuyachukua. Treni ilinyamaza. Boti hazikuja tena. Wanajeshi walikuwa ndani ya mji, wengine walikuwa msituni, na wapiganapo tembo nyasi huumia, nyasi ndio sisi. Mama akitoka kwenda shambani kuchuma sombe, yale majani ya muhogo, tulimuaga kama mtu anayesafiri mbali. Chumvi ilikuja kwa ndege, na iliuzwa kwa kijiko. Tuliionja kwa ncha ya kidole, halafu tulifunga macho.

Mwaka ule wa njaa kali, bibi yako alibaki na kuku mmoja. Mmoja, Furaha! Wengine walikuwa wamekwenda na wanajeshi. Huyo alimfuga ndani ya kikapu chini ya kitanda, na mchana alimfunika kwa kikwembe kizito ili adhani bado ni usiku, asilie. Maana wale watu walipita wakisikiliza. Sauti ya kuku ilikuwa inawaita kuliko jina lao.

Alikuwa na mtoto wa mwisho, shangazi yako ambaye hukumjua, aliitwa Nyota. Mtoto wa maneno mengi yule! Alimsumbua mama yake kuhusu viatu vyekundu vya Noeli. Viatu, mahali ambapo hata sabuni hakuna. Bibi yako hakumkaripia. Alivunja kijiti cha tete, akakiweka chini ya unyayo wa mtoto, akakikata kwa urefu wa mguu, kama tunavyofanya tukimnunulia mtoto kiatu bila kumpeleka sokoni. Akamwambia: "Unaona? Kipimo yako iko hapa. Vita ikiisha, nitaenda nacho sokoni." Nyota akatembea nyumba zote akitangaza kwamba viatu vyake vimeshapimwa.

Ikafika Noeli. Baba alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kusali, na akiwa huko risasi zikalia kwenye barabara. Wanajeshi wakafunga njia, hakuna kupita. Sisi huku tukamngoja. Mimi niliona kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa nimeketi uani kwa Baba Toma, kijana ambaye bado hajafundishwa kuchinja: kuku yuko kwenye kikapu, maji yanachemka, watoto wamekonda wanakizunguka kile kikapu, na babu yako amekaa kwenye kiti chake amekunja mikono. Jua likapanda. Nyota akalia mpaka akachoka kulia. Babu yako angeweza kumkata shingo yule kuku mwenyewe na hakuna ambaye angemlaumu, hata sisi. Hakuinuka.

Saa sita hivi, baba akakohoa mlangoni. Kanzu imejaa vumbi, alikuwa amelazwa chini na wale watu.

Akashangaa: "Baba Toma, mpaka sasa haujachinja? Watoto wanakufa njaa!"

Babu yako akasema: "Nichinje namna gani, Mzee? Na ninyi mungekula nini?"

Basi. Baba akamchinja kuku yule, bibi yako akampika na maji mengi, akagawa vyungu viwili, kimoja kikapita njia kuja kwetu. Kila mtu alipata kipande kama kidole. Wallahi, mwanangu, nimekula nyama nyingi tangu siku ile, nimekula mpaka daktari akanikataza, lakini hakuna iliyofika ndani kama ile. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Msemo huo nilikuwa nausema mdomoni tu mpaka siku ile.

Nyota hakuona mwisho wa vita. Surua ilimchukua pamoja na watoto wengine wa mtaa. Tulimzika haraka, kwa sababu hata makaburini watu waliogopa kukaa.

Halafu, Alhamdulillahi, siku moja tukasikia honi ya treni. Watu wazima walilia barabarani, mimi nikiwemo. Vitu vikaanza kurudi, vingine kwa reli, vingine kwa mto, vingine kwa ndege, na mji ambao ulionja chumvi kwa kidole ukaona maduka yamejaa. Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Njaa ilikuwa imetulegeza, sasa shibe ikaanza kutulevya.

Kaka yake bibi yako alimtumia mbuzi kutoka kijiji cha Tunda. Mbuzi dume, mweusi, mweupe kwenye paji la uso, mtundu wa kula nguo za watu. Nyumba nzima ilijua ni wa Noeli. Baba yangu kila akipita alimvuta sikio na kumwambia, "We, mimi na wewe tutaonana." Babu yako alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Wiki ile ya sikukuu babu yako aliitwa kazini, akashuka na treni upande wa Kibombo, akasema atarudi kwa mkesha.

Ndipo asubuhi ya mkesha, umande haujakauka, Mama Toma akaniita.

"Asumani! Leta kinga yako. Leo tunaenda kununua Noeli."

Kinga ni baiskeli, ninyi wa pikipiki mmesahau. Yangu ilikuwa imebeba mawese, mchele, hata wagonjwa, mpaka Lokandu na kurudi. Nikaichukua. Nikaona na mbuzi yuko kwenye kamba, anafuata. Nikauliza huyu naye anakwenda wapi, akanijibu, "Utaona."

Mwanangu, ile siku nilichoka kuliko siku za Lokandu. Tulianza kwa fundi wa kushona. Bibi yako alitaka nyumba nzima ivae kikwembe kipya cha aina moja, baba, mama na watoto, maua yale yale. Kumbe fundi alikuwa amepokea vitambaa vya nusu ya mji. Wateja walikaa kwenye kizingiti chake kama watu wa matanga, huyu analia suruali haina mguu mmoja, yule kola imeshonwa mgongoni. Bibi yako akaketi juu ya cherehani ya pili, akasema, "Fundi, mimi niko na mizizi hapa. Shona!" Fundi akashona. Nani angemkatalia yule mama?

Tukaingia sokoni. Kusukumana, kukanyagana, watu wawili wanavutana kiatu kimoja, kila mmoja ameshika upande wake na hakuna anayejua cha pili kiko wapi. Bibi yako akatoa mfukoni vijiti vya miguu ya watoto. Alikuwa amevichanganya. Akagombana na muuzaji kwamba hiki ni cha Toma, baba yako, na muuzaji anamwambia cha Toma si umekwisha kununua, mama? Mimi nacheka, mbuzi anakula kofia ya mtu.

Halafu akatoa kijiti cha mwisho. Kilikuwa kimekauka, cheusi kwa kushikwashikwa. Nilikijua. Akakiweka juu ya kiatu chekundu cha mtoto mdogo, akapima pole pole, akasema, "Hiki." Muuzaji akakifunga. Nikakipokea, nikakifunga kwenye kinga. Tangu pale sikucheka tena.

Na tangu pale bibi yako alinunua bila kutazama. Maua ya plastiki. Mapulizo, yale maputo ya rangi zote. Miwani ya jua ya watoto, saa za mkononi ambazo mishale yake imechorwa tu, mdoli wa nywele za dhahabu, biskuti, soda, taa za kuwakawaka, nasi umeme wenyewe hatuna. Kinga ilijaa mpaka mimi sionekani nyuma yake. Kila nikisema mama, imetosha, alijibu, "Watoto wangu lazima wasahau vita." Alisema kama mtu anayegombana na aliye mbali.

Mwisho tukafika kwa mfanyabiashara mmoja mwenye frigo kubwa, jokofu la jenereta. Ndani kuku wa katoni, wamekuja na ndege, weupe, hawana kichwa wala miguu. Mbuzi akafungwa kwenye nguzo ya mtu yule, na sisi tukapewa katoni badala yake.

Nikasema, "Mama Toma, na baba yangu? Atachinja nini?"

"Eee, Asumani! Mbuzi, mbuzi, kila mwaka chakula ya kijijini. Muntu wa siku hizi anakula kuku ya frigo."

"Baba hawezi kula hiyo. Hatujui nani aliichinja, wala wapi."

Akaweka katoni juu ya kinga bila kunitazama. "Iko vitu mingi," akasema. "Atakula hata biskuti."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nikamweleza baba yote, kijiti cha Nyota, mbuzi, katoni, na biskuti. Alikuwa anakinoa kisu. Hakuacha kunoa. Akasema, "Baba Toma anarudi leo jioni. Ule muntu alingojea na kuku moja mpaka saa sita, watoto yake wanalia. Leo iko na shibe, ashindwe kuningojea? Hapana. Lazima ataleta kitu ya kuchinja."

Mwanangu, kumwamini jirani ni jambo zuri sana. Nilimtazama mzee wangu akijaribu makali ya kisu kwa kidole gumba, nikamsogezea maji ya kunolea.

Asubuhi ya Noeli akavaa kanzu, akavaa kofia, akachukua kisu kwenye kitambaa cheupe. Nikamfuata. Mlangoni tukakutana na babu yako anatoka upande wa barabara, karibu anakimbia. Suti mpya ya kile kikwembe, suruali imejaa matope mpaka magotini. Alikuwa amerudi jioni, akakuta mbuzi hayupo, na tangu kulipopambazuka alikuwa amezunguka mitaa yote akitafuta kuku mmoja aliye hai. Asubuhi ya Noeli, kuku aliye hai utampata wapi? Mji mzima ulikuwa unanuka vitunguu. Alirudi mikono mitupu. Alipomwona baba na kile kitambaa, alisimama. Akaificha ile mikono mitupu nyuma ya mgongo.

Baba alielewa. Nilimwona akielewa. Taratibu akaingiza kisu ndani ya mkono wa kanzu, kisionekane, akakohoa, akasema kwa furaha, "Baba Toma, Noeli njema! Nimekuja tu kuwasalimia." Kama vile hakuwa na sababu nyingine duniani.

Tukaingia. Taa haziwaki, maua ya plastiki kila mahali, watoto wamevaa miwani wanagongana na viti. Bibi yako akaleta sahani imejaa kuku, nadhani ilikuwa imetoka mkononi kabla hajafikiri. Ikasimama pale mbele ya baba. Baba akachukua chai. Akachukua na biskuti, akaitafuna, akasifu kwamba ni tamu. Babu yako alikaa mbele yake na yeye hakugusa nyama, amekunja mikono vile vile kama siku ya njaa. Wazee wawili wanatafuna biskuti, mwanangu, na katoni zimejaa nyuma yao.

Pale ndipo mimi nikaharibu. Ulimi hauna mfupa. Nilisimama nikasema mbele ya watoto na wageni: "Mama Toma, wakati wa njaa kuku moja ilitosha nyumba mbili. Leo umejaza nyumba, na baba yangu umemupa biskuti!"

Bibi yako akaweka mikono kichwani. Aliingia chumbani, akafunga mlango.

Baba alinitoa nje kwa kunishika mkono, kama mtoto. Nilidhani atanishukuru. Aliniambia hivi, na sijayasahau: "Wewe ulikuwa naye sokoni. Ulimuona na kile kijiti mukononi. Mimi sikuona, wewe ndiyo uliona. Na bado ukamuvua nguo mbele ya watoto yake? Nyama nimekosa leo, nitakula kesho. Lakini jirani, umeniletea wapi mwingine?" Akarudi ndani peke yake kumalizia chai.

Baada ya sikukuu ua ule ukasimama. Bibi yako aliusimamisha, si kwa chuki, kwa haya tu. Hakuweza kuvuka ile njia na kukutana na macho yangu. Mimi nami, kijana mwenye kichwa kigumu, nilisema aanze yeye. Nyasi zikaota mahali pa kung'aa. Ndani ya nyumba ile mapulizo yalikuwa yamepasuka siku ya pili, miwani ilivunjika, saa za kuchorwa zikatupwa. Ua tu ndio ulidumu.

Babu yako hakukata tamaa. Wiki ile ile alitafuta mbuzi mwingine, mdogo, akamfunga karibu kabisa na ua, upande wake. Kila akilia, baba upande huu alicheka. "Munasikia?" alisema. "Ule ananiita." Wazee wale wawili walisalimiana juu ya matete kila asubuhi, na kila mmoja alikuwa anangoja Noeli ifike wayamalize kwa heshima. Mimi ningeweza kwenda siku yoyote kumwomba Mama Toma radhi. Ni hatua chache. Nilisema kesho.

Noeli haikumngoja baba. Masika yalipoanza aliugua, akatutoka. Majuto ni mjukuu, mwishowe huja kitako.

Siku ya arobaini yake, tumekaa na wageni, nikasikia matete yanavunjwa. Babu yako hakuzunguka kwenye lango. Alivunja ua kwa mikono, akapita katikati, akimvuta yule mbuzi, sasa ni mkubwa, na machozi yanashuka kwenye ndevu. Nyuma yake bibi yako. Babu akaniwekea kamba mkononi, akasema, "Ilikuwa yake. Chinja wewe." Nikaenda ndani nikaleta kisu katika kitambaa cheupe. Ndiyo mara ya kwanza nilichinja. Ikabidi mjomba wangu anishike mkono. Nyama ambayo baba yangu alipaswa kula akiwa hai tuliila sisi, na yeye yuko chini ya udongo. Na hakuna aliyesema ni tamu, ingawa ilikuwa tamu.

Nilipiga magoti mbele ya bibi yako. Akanishika kichwa, akasema, "Asumani, nilitaka watoto wasahau vita. Kumbe nimewasahaulisha muntu aliyetupitisha vita." Tulilia wote wawili bila haya. Viatu vile vyekundu alinionyesha siku nyingine, mwaka mwingine. Vilikuwa bado kwenye karatasi yake.

Ua babu yako alitaka kuung'oa wote. Mimi nilimwomba aache kipande, ndicho hicho unachokiona, na pengo lake katikati. Huwa mnauliza kwa nini Mzee Asumani hazibi lile pengo. Sasa mmejua.

Haya, mwanangu, nisikilize sasa, maana pusupusu inakungoja na mimi nimechoka. Simwambii mtu asinunue. Nunua! Mtoto akivaa kipya, nyumba inapata nuru, nami si mzee wa kuchukia nuru. Lakini kabla hujauliza utanunua nini, uliza nani atakula nawe. Ukilijua hilo, soko halitakuzungusha kichwa. Kitu cha dukani hakijui jirani yako anakula nini na hali nini, wewe ndiye unayejua. Ukiwa na uchungu, na sote tunao katika mji huu, usiupeleke sokoni, kwa sababu soko halina dawa yake. Ulete hapa, tukae nao. Na ukimwona mwenzako anakosea katika furaha yake, mshike mkono pembeni, usimpigie kelele mbele ya watoto wake. Ukikosea wewe, vuka siku ile ile. Nilisema kesho, Furaha. Usiseme kesho.

Mwenyezi Mungu, ambaye mimi na wewe tunamwita kwa sauti mbili na anatusikia mara moja, aijaze nyumba yako watu kabla ya vitu. Akupe watoto ambao vijiti vyao vya miguu vitaongezeka kila mwaka. Akuepushe na njaa ya vita, na ulevi wa shibe akuepushe pia. Amina.

Pusupusu iko nyuma ya nyumba, gurudumu moja linavuta kushoto, usilisukume kwa hasira. Kisu ni kile kile cha baba, kimekuwa chembamba kwa kunolewa. Asubuhi ya Noeli, nikiamka salama, nitavaa kofia, nitapita kwenye lile pengo, nitakohoa mlangoni kwako. Usiniache nikohoe bure.